Nembo ya kanisa kongwe: gharama au mtaji?

BAJETI inapobana, fedha za kuchora nembo huwa za kwanza kufutwa. Mwenye mali huziona kuwa ni fedha za urembo. Fundi atalipwa, kibao kitapakwa rangi, lakini bei ya mfuko wa sukari itabaki pale pale. Wahenga nao walishasema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ikiwa hivyo ndivyo anavyofikiri mwenye duka la jumla, basi kanisa lenye umri wa zaidi ya miaka mia moja lina sababu ndogo zaidi ya kumlipa mchoraji. Jengo linaonekana kutoka mbali. Kengele zinasikika. Waumini wanajua njia ya kwenda na kurudi. Na neno la Mungu halitangazwi kama sabuni.

Hata hivyo Kanisa Kuu la St John the Divine la New York, Marekani, liliamua kuajiri wachoraji, tena si wachoraji wa uchochoroni. Kazi hiyo ilipewa kampuni ya Pentagram na kusimamiwa na mbia wake Michael Bierut, yule yule ambaye mwaka 2016 alikuwa miongoni mwa waliochora upya nembo ya Mastercard. Kanisa hilo lilichonunua hakikuwa alama mpya. Lilinunua utaratibu wa kutumia kitu ambacho watu tayari walikihusisha nalo. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo inayomhusu mfanyabiashara, na hata mwekezaji mdogo anayesoma hesabu za kampuni kabla ya kununua hisa.

Mali nyingi, fedha kidogo

St John the Divine ni kanisa kuu la Dayosisi ya New York ya Kanisa la Episkopali, ambalo ni la ushirika mmoja na Waanglikana wa Afrika Mashariki. Jiwe lake la msingi liliwekwa Desemba 27, 1892, siku ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Tangu siku hiyo mpaka leo jengo halijamalizika.

Wasanifu wa kwanza, Heins na LaFarge, walichora kanisa la mtindo wa Kirumi na Kibizanti. Heins alifariki mwaka 1907. Mwaka 1911 kazi ilihamia kwa Ralph Adams Cram, ambaye aliigeuza ramani kuwa ya Kigothi. Kuba lililojengwa mwaka 1909 kwa matumizi ya muda bado liko juu ya vichwa vya waumini. Jengo lote kwa urefu wake wa futi 601, yaani karibu meta 183, lilifunguliwa Novemba 30, 1941. Baada ya wiki moja Japani ilishambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani na ujenzi ukasimama.

Kazi ilianza tena mwishoni mwa miaka ya 1970, vijana wa mitaa ya jirani wakafundishwa kuchonga mawe. Mnara mmoja ulipanda kidogo, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 fedha zikakauka. Wenyeji wa mji wamezoea kulitania jina lake na kuliita Mtakatifu Yohana Asiyekwisha.

Halafu yakaja mengine. Desemba 18, 2001 moto ulizuka katika duka la zawadi upande wa kaskazini wa jengo, ukateketeza sehemu hiyo na kujaza moshi na masizi kanisa zima, pamoja na kinanda kikubwa cha mabomba. Usafi na ukarabati ulichukua miaka. Kanisa liliwekwa wakfu upya Novemba 30, 2008.

Kwa lugha ya mizania, hii ni taasisi yenye mali kubwa isiyohamishika na mahitaji makubwa ya fedha taslimu. Paa la jengo la ukubwa huo halisubiri sadaka ya Jumapili. Kwa hiyo uongozi wa kanisa uligeukia kile ambacho kila mwenye kiwanja mjini hukifikiria, yaani kukodisha ardhi. Mwaka 2008 jengo la fleti karibu 300 lilikamilika kwenye pembe ya kusini-mashariki ya uwanja wa kanisa. Miaka michache baadaye yakajengwa mengine upande wa kaskazini, yenye fleti zaidi ya 400. Wajenzi walikodi ardhi kwa mikataba ya muda mrefu na kanisa likabaki mwenye kiwanja.

Uamuzi huo haukupita kimya. Majirani na watetezi wa majengo ya kale walilalamika kwamba sura ya kanisa inafichwa. Mwaka 2003 Halmashauri ya Jiji la New York ilikataa uamuzi wa kulitangaza jengo hilo kuwa la kumbukumbu, kwa hoja kwamba uamuzi huo uliliacha nje eneo linalolizunguka. Ni mwaka 2017 tu ndipo jengo na uwanja wake vilipotangazwa kwa pamoja kuwa kumbukumbu ya jiji.

Mfanyabiashara wa viwanja ataona mara moja ugumu ulipo. Ardhi ikishakodishwa kwa kizazi kizima, haiwezi kukodishwa tena kesho. Uwanja wa ekari zipatazo 11 una pembe chache tu za kuuza nafasi. Jina la kanisa ni mali ya aina nyingine. Linaweza kutumika kila siku, kwenye tiketi, barua na bango, bila kupungua. Linachoweza ni kuchakaa kama kila mtu atalitumia anavyotaka.

Jina moja, wateja wa kila namna

Kanisa hili halina aina moja ya mteja. Asubuhi kuna misa, mchana watalii wanalipa kiingilio kutazama jengo, jioni kuna tamasha la muziki. Kila mwaka, mwezi Oktoba, watu huleta wanyama wao kubarikiwa, na kwa miaka tofauti ngamia na hata tembo wamewahi kuingizwa ndani. Waendesha baiskeli nao wana siku yao ya kubarikiwa. Septemba 1982 mcheza kamba Philippe Petit, yule aliyetembea juu ya waya kati ya maghorofa mawili marefu ya New York mwaka 1974, alivuka barabara hewani kuelekea kanisani humo kusherehekea kuanza tena kwa ujenzi wa mnara. Kwa miongo kadhaa, mpaka mwaka 2023, tausi walikuwa wakitembea uwanjani kama wenye nyumba.

Sasa tazama karatasi. Kamati ya muziki inachapisha bango lake, mpango wa chakula kwa maskini unachapisha lake, duka la zawadi lina mifuko yake, na ofisi inayoomba michango ina barua zake. Kila mmoja ana mpiga chapa wake na kila mmoja anachagua herufi anazozipenda. Mtu akipokea karatasi tatu kwa wiki moja anaweza kudhani zimetoka kwa taasisi tatu. Kwa taasisi inayoishi kwa michango, hiyo ni hasara hata kama haina mstari wake kwenye hesabu. Aliyefurahishwa na tamasha hajui kwamba anayemwandikia barua ya kuomba mchango wa paa ni yule yule.

Hilo ndilo tatizo lililopelekwa Pentagram. Ukilitazama kwa makini utaona si tatizo la kanisa peke yake. Kampuni ya mabasi yenye vibao vya rangi tano, au chama cha ushirika ambacho kila tawi lina muhuri wa umbo lake, vina ugonjwa huo huo.

Herufi ya mwaka 1928

Njia rahisi ingekuwa kuchora picha ya jengo. Makanisa mengi hufanya hivyo, na mara nyingi inafaa. Kwa St John the Divine njia hiyo ina kasoro iliyo wazi, kwani jengo lenyewe halijakwisha. Ukichora minara iliyokamilika unamwonyesha mteja kitu ambacho hatakikuta. Ukichora minara ilivyo, unatangaza deni. Njia nyingine rahisi ni msalaba, lakini msalaba unatumiwa na kila kanisa duniani na peke yake hautofautishi mlango mmoja na mwingine.

Bierut na wenzake walichagua herufi. Walichukua herufi za Kigothi, zile nzito zenye ncha ambazo msomaji wetu amewahi kuziona kwenye vyeti vya zamani na kwenye jina la gazeti la The New York Times. Aina waliyoichagua ilichorwa mwaka 1928 na Mmarekani Frederic Goudy, aliyeishi kati ya 1865 na 1947. Goudy naye alikuwa amezitazama herufi za Biblia ya Gutenberg, iliyochapwa Mainz, Ujerumani, kwenye miaka ya 1450. Mchoraji wa herufi Joe Finocchiaro alizichora upya kwa matumizi ya kompyuta, na seti hiyo ikapewa jina la Divine, neno la mwisho la jina la kanisa.

Uamuzi huo una mantiki ya hesabu. Herufi za miaka ya 1920 zinalingana na umri wa sehemu kubwa ya jengo, maana ukumbi wa waumini ulijengwa katika miaka ya 1920 na 1930. Mtindo wao ni wa Kigothi, sawa na ramani ya Cram. Asili yao ni Biblia ya kwanza kubwa iliyochapwa Ulaya kwa herufi za kupanga. Hakuna kilichobuniwa kutoka hewani. Mtaji ulikuwepo, umelala, na mchoraji aliufungua tu.

Kilichokuwa kipya ni maneno. Herufi hizo za kale zilitumika kuandika sentensi fupi za leo, nyepesi na zenye utani kidogo, kwenye mabango na matangazo ya kanisa. Sura ni ya mzee, sauti ni ya kijana. Mpita njia anayeona herufi za karne ya 15 hutegemea kusoma onyo, kumbe anakaribishwa. Bierut aliiingiza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu kazi zake, na sura yake inazungumzia jinsi ya kuwa na adabu kanisani.

Kwa mfanyabiashara, faida kubwa ya mpango huo ni kwamba haukutegemea picha moja. Aliyekuwa na seti ya herufi na maelekezo machache aliweza kutengeneza tiketi, bango au bahasha, na vyote vikafanana. Gharama ya kubuni hulipwa mara moja. Faida yake huenea kwenye kila karatasi inayofuata.

Ankara ina nini ndani yake

Wateja wengi hulipa ankara ya mchoraji wakidhani wamenunua picha. Picha ni sehemu ndogo. Kazi ya namna hii ikifanywa sawasawa ina hatua ambazo mwenye fedha anapaswa kuzidai.

Ya kwanza ni kuhesabu. Kila kitu chenye jina la taasisi hukusanywa mezani, kuanzia karatasi za barua, mihuri, tiketi na kibao cha mlangoni mpaka sanduku la sadaka na fulana za kwaya. Mara nyingi hapo ndipo viongozi wanapogundua kwamba jina lao limeandikwa kwa namna kumi.

Ya pili ni kuingia kwenye kumbukumbu. Taasisi kongwe ina vitabu vya ubatizo, ramani za ujenzi, vyombo vya altare, mawe yaliyochongwa na vioo vya rangi. Mchoraji anayeleta michoro kabla ya kuviona vitu hivyo anauza alichokuwa nacho mkobani tangu zamani.

Ya tatu ni kujaribu. Alama inayopendeza kwenye bango la meta tatu inaweza kugeuka doa kwenye risiti. Inayotegemea rangi nne itamgharimu mteja kila anapochapa, na itapotea kabisa kwenye fotokopi. Herufi za Kigothi zenyewe zina udhaifu huo, kwani zikiwa ndogo husomeka kwa taabu. Mwenye kuzichagua hana budi kukubali kwamba maelezo marefu yataandikwa kwa herufi nyingine za kawaida.

Ya nne ni kitabu cha maelekezo, kinachosema nini kifanywe na nini kisifanywe. Ya tano ni mtu wa kukisimamia. Bila huyo, kitabu kitakaa kabatini na baada ya miaka miwili kila idara itarudi kwa mpiga chapa wake wa zamani.

Baada ya hapo ndipo gharama kubwa inapofika, nayo haimo kwenye ankara ya mchoraji. Ni gharama ya kubadilisha vibao, kuchapa upya na kutupa akiba ya karatasi za zamani. Mwenye busara hubadilisha kadiri akiba inavyokwisha, si yote kwa siku moja.

Mnyororo unaofika Dodoma na Mkunazini

Hii si mara ya kwanza kwa kanisa hilo la New York kuhusika na alama iliyofika mbali. Kanoni wake, Edward West, ndiye aliyebuni Dira, alama ya Ushirika wa Waanglikana duniani, kwa ajili ya mkutano mkuu wa Waanglikana uliofanyika Minneapolis mwaka 1954. Katikati ina msalaba wa Mtakatifu George, kuzunguka ina maneno ya Kigiriki ya Injili ya Yohana yanayosema kwamba kweli itawaweka huru, na juu, upande wa kaskazini, ina kofia ya askofu. Mwaka 1988 ilitandazwa sakafuni katika Kanisa Kuu la Canterbury, Uingereza. Kanisa Anglikana la Tanzania, lililo jimbo linalojitegemea tangu mwaka 1970, ni miongoni mwa makanisa yanayounganishwa na alama hiyo.

Kwa Zanzibar mfano huo unagusa zaidi. Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Ujenzi wake ulisimamiwa na Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882. Watalii hulipa kuingia. Miongoni mwa vitu wanavyopiga picha ni sanamu ya watumwa waliosimama shimoni, iliyowekwa mwaka 1998 na msanii Clara Sörnäs wa Sweden. Mwaka 2016 kituo cha urithi kuhusu biashara ya watumwa kilifunguliwa hapo hapo.

Akija muuza fulana, jambo la kwanza litakalomjia akilini ni mnyororo. Unatambulika, hauhitaji maelezo, utauzika. Lakini hapo ndipo hesabu ya mauzo inapogongana na hesabu ya heshima. Kuna alama ambazo mtu anaweza kuwa nazo bila kuwa na haki ya kuziuza, kwa sababu waliolipa gharama yake hawakuulizwa. Mahali pa kumbukumbu kama hiyo ni ndani ya kituo cha urithi, palipo na maelezo, si kwenye kikombe cha chai.

Njia ya New York ingempeleka mchoraji kwenye kabati jingine la kanisa hilo hilo. Steere alikuwa mwanazuoni wa Kiswahili, na kitabu chake cha kufundishia lugha hii kilitoka mwaka 1870. Misheni yake ilikuwa na mitambo ya uchapaji Zanzibar. Taasisi yenye historia ya kuchapa Kiswahili tangu karne ya 19 ina hazina ya herufi ambayo hakuna hoteli wala duka la vinyago linaloweza kudai kuwa nayo. Hazina hiyo haimdhalilishi mtu.

Alama ikiwa mali, ina mwenyewe

Mfano wa upande wa sheria unatoka kwa Wamethodisti. Aprili 1968 makanisa mawili ya Marekani yaliungana kuwa United Methodist Church. Alama yake ni msalaba wenye mwali wa moto wenye ndimi mbili, ambazo miongoni mwa maana zake ni hayo makanisa mawili. Alama hiyo ilisajiliwa kisheria, na hairuhusiwi kubadilishwa wala kutumiwa na asiyehusika. Waumini wa kanisa hilo wako pia Kongo, Burundi na Tanzania.

Thamani ya usajili huo ilionekana kanisa lilipogawanyika. Kati ya 2019 na 2023, zaidi ya makanisa 7,600 ya mahali nchini Marekani yalijitoa, kiasi cha robo ya yote yaliyokuwepo huko. Yaliyojitoa hayakuwa na haki ya kubaki na msalaba na mwali. Ilibidi vibao vishushwe, karatasi zichapwe upya, tovuti zibadilishwe. Mshirika aliyezoea alama ile tangu ubatizo wake alijifunza kwamba ilikuwa mali ya kampuni mama, kama nembo ya kituo cha mafuta ilivyo mali ya kampuni ya mafuta na si ya mwenye pampu.

Mwali huo huo unafundisha jambo la pili. Mwaka 2020 baadhi ya waumini Weusi walisema msalaba karibu na moto unawakumbusha misalaba iliyochomwa na kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan, na mkutano wa kanda ya Kaskazini mwa Texas ukaomba mchakato wa kuibadilisha. Waliochora mwaka 1968 walikusudia Roho Mtakatifu. Soko la alama halijali sana nia ya muuzaji, linasikiliza kile mnunuzi anachokiona.

Kwa wasomaji wa ukanda huu, taratibu zinajulikana ingawa wengi hawazifuati. Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na msajili ni BRELA. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, BPRA, hivyo aliyesajili Dar es Salaam asidhani amejikinga Darajani. Kenya husajili kupitia KIPI kwa miaka 10 inayoweza kuhuishwa. Kabla ya yote hayo, mkataba na mchoraji useme kwa maandishi kwamba haki zote za mchoro zinahamia kwa mteja, na kwamba leseni ya herufi imelipiwa. Wengi hukumbuka hilo siku mchoraji anapogombana nao.

Kile ambacho mizania haikionyeshi

Mwekezaji anayetafuta thamani ya kazi kama ya St John the Divine kwenye vitabu vya hesabu hataipata. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 38, hairuhusu taasisi kuandika kama mali jina au alama iliyoijenga yenyewe. Fedha zilizotumika kuikuza huandikwa kuwa matumizi ya mwaka ule. Jina huingia kwenye mizania pale tu linaponunuliwa kutoka kwa mwingine. Kwa hiyo fleti za uwanja wa kanisa zina mkataba na kodi inayohesabika, lakini herufi zilizowaleta watu mlangoni hazina mstari wake.

Kanuni hiyo ina sababu nzuri, kwani kila mwenye duka angejipangia bei ya jina lake. Lakini isimdanganye mnunuzi wa hisa. Kampuni mbili zinaweza kuwa na mizania inayofanana, moja ikiwa na jina lililotunzwa na kusajiliwa, nyingine ikiwa na jina lililoandikwa kwa namna kumi. Tofauti haitaonekana kwenye karatasi mpaka siku ya mauzo, ya kuungana, au ya kesi. Anayetaka kuijua mapema atazame vibao, risiti na magari ya kampuni, kisha aulize kama hati ya usajili ipo na inaisha lini.

Kuhusu swali la mwanzo, wahenga hawakukosea. Chema chajiuza, lakini mnunuzi lazima akitambue anapokiona mara ya pili. Kanisa lenye umri wa karne moja na zaidi halina haja ya kununua sifa, tayari linayo. Linacholipia ni kuhakikisha sifa hiyo inaingia kwenye akaunti moja badala ya kumwagika kwenye kumi. Kama mchoraji anakuja na alama ambayo ingeweza kuvaliwa vile vile na benki au kiwanda cha soda, hiyo ni gharama. Kama anarudi kutoka kabatini na kitu ambacho ni cha mteja huyo peke yake, na mkataba unasema ni cha nani, huo ni mtaji.